Wimbo Tulioukopesha Mradi

Mimi sina subira, na sijawahi kujisingizia kuwa ninayo. Ukitaka kunitibua hata leo, uzeeni huku, njoo upige mluzi ule wimbo wa mahindi karibu na dirisha langu. Watoto wa jirani walijaribu juzijuzi, wakakimbia na kandambili yangu ikiwafuata. Watu hunishangaa. Lakini mwalimu, wanasema, si wewe uliyeutunga? Ndiyo, ni mimi, na adhabu ya kaburi aijuaye ni maiti.

Kabla haujawa wa mahindi, wimbo ule ulikuwa wa mama yangu, na kabla yake wa bibi, na ulikuwa na kazi moja tu: kumtoa binti nyumbani siku anapoolewa. Kwetu, chini ya msitu wa Ngorongoro upande wa Karatu, kila nyumba ilikuwa na namna yake ya kumtoa binti. Wengine waliwaita wazee waombe slufay, ile dua ndefu ya Wairaqw ambayo mmoja huisema na wengine huitikia. Sisi tulikuwa na wimbo. Mama alimkalisha binti kwenye kigoda, akampaka samli kichwani, akamshika kichwa kwa mikono miwili na kuimba, na wanawake waliosimama nje ya mlango wakaitikia. Kwa Kiswahili maneno yake yangekuwa hivi: nenda na mvua, mwanangu, usigeuke, zizi lako liko mbele, usigeuke. Ukiisha, binti huinuka akatoka bila kutazama nyuma, na hapo ndipo anakuwa ameolewa. Kanisani tulikwenda baadaye, kwa heshima zote, lakini kwa mama yangu kanisani kulikuwa kuandikisha tu.

Siku nyingine hauimbwi. Ukiuimba hata puani, uko kisimani au kwenye jiwe la kusagia, mama alikutandika kwa chochote kilichokuwa mkononi mwake, mwiko, ufagio, hata kuku aliyekuwa amemshika. Alisema unawafukuza mabinti kabla ya wakati wao. Mimi aliniimbia nilipoolewa na fundi magari wa Karatu mjini. Nilitoka na samli ikinitiririka shingoni, nalia, na nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena.

Nyumbani akabaki mdogo wangu, kitindamimba, aliyekuwa bado anachunga ndama.

Mradi ulifika miaka ile baada ya watu kuhamishiwa vijijini. Ulikuwa mradi wa kuhamasisha kilimo cha mahindi: mbegu mpya za dukani, mbolea ya chumvichumvi, mistari iliyonyooka. Ulikuja na Landrover, kipaza sauti cha betri, na mratibu aliyetoka mkoa mwingine, kijana mtanashati, mpole, asiyepandisha sauti hata akikanyagwa. Sikumchukia. Ingekuwa rahisi kama ningemchukia.

Shida yao ilikuwa moja: watu walilala mikutanoni. Bwana shamba akisimama kueleza habari za mbolea, wazee walijifunika mablanketi na kukoroma. Sikuwalaumu. Baridi ya Juni ya kwetu, ukungu ukishuka kutoka msituni, mtu ana haki ya kusinzia. Basi mratibu akaamua mafunzo yapitie kwenye nyimbo. Alikuja shuleni kwetu, na mkuu wa shule akanisonta mimi, kwa kuwa nilifundisha kuimba na kwa kuwa, alisema, nilikuwa na mdomo wa kutosha. Nikapangiwa kufundisha asubuhi, mchana niwe wa mradi. Nikapewa kwaya ya wanawake wa kijiji, ngoma, kayamba na vitenge vya sare.

Siku ya semina ya kufungua kazi mratibu alitusomea masharti. Katikati yake alisema kwamba kila kitakachotengenezwa kwa fedha za mradi kitakuwa mali ya mradi. Tukapiga makofi. Sisi tulidhani anasema habari ya ngoma na kayamba, na nani angegombania kayamba? Mwanakwaya mmoja aliuliza kama vitenge navyo vitarudishwa. Akajibiwa kwamba vitenge ni vyetu, na hapo tukapiga makofi kwa nguvu zaidi.

Maneno niliyapata upesi. Wakati ule watu walikuwa wanaunguza mahindi yao wenyewe. Mtu anapewa mbolea, anafikiri ikizidi ndiyo baraka, anajaza kiganja kizima kwenye shimo na mche unakauka. Kipimo cha kweli kilikuwa kisoda, kile kifuniko cha chupa ya soda. Kwa hiyo nikaandika: mbegu mbili shimo moja, usizidishe, kisoda kimoja cha mbolea, usizidishe. Tatizo lilikuwa sauti ya kuyabeba. Nikajaribu nyimbo za kanisani, na kila tulipofika mwisho wanakwaya waliweka amina, na mbolea haimaliziwi kwa amina. Nikajaribu mwendo wa gwaride, ikawa kama tunawatisha watu.

Halafu alasiri moja nikiwa peke yangu shambani, nimechoka, nimekasirika, mdomo wangu wenyewe ukachukua maneno ya kisoda ukayatia ndani ya sauti ya ule wimbo wa mama. Yalikaa. Pale pa "usigeuke" pakakaa "usizidishe" bila kusukumwa. Nikajiziba mdomo kwa mkono uliojaa udongo, nikatazama huku na huku kama mwizi wa kuku. Lakini nilijua nimepata.

Sikuuchukua. Hilo nataka lieleweke, maana wapo wanaosema niliuiba. Nilipanda kwa miguu hadi nyumbani nikamweleza mama kila kitu. Alinisikiliza akiwa anachambua maharage, hakuinua uso. Akauliza watu wataimba maneno gani, nikamwambia. Akauliza kama kuna mtu ataimba maneno yetu, nikamwambia hakuna, hayo yanabaki ndani. Mama alikuwa ameunguza mahindi yake msimu uliopita kwa mbolea ile ile, nadhani hilo lilimlainisha.

Alichofanya ni kuuamua wimbo kama anavyoamuliwa ng'ombe. Kwetu mwenye ng'ombe hawaweki wote kwenye zizi moja. Mmoja humpeleka kwa rafiki, mwingine kwa mkwe, wakamchunge huko. Anayemchunga anakunywa maziwa na kutumia samadi, lakini ng'ombe ni wa mwenyewe, na ndama ni wa mwenyewe. Siku akimhitaji anakwenda na fimbo yake, anakaribishwa, anasema nimekuja kumchukua. Hakuna ubishi, na hakuna mtu aliyewahi kuhitaji shahidi. Wamasai wa juu hufanya vivyo hivyo, ndiyo maana tuliweza kuwekeana ng'ombe nao hata nyakati za kugombana.

"Nawakopesha," mama akasema. "Wakamue. Mdogo wako akiposwa, utakwenda kuuchukua."

Nikashuka nikimshukuru Mungu kwa mama mwenye akili. Wala haikunijia akilini kwamba watu wa mradi hawakuwahi kukopeshwa ng'ombe na mtu yeyote.

Jamani, wimbo ule uliwaka. Mkutano wa kwanza tu wazee walifunua mablanketi. Wa pili wanawake waliingia katikati kucheza. Baada ya mavuno ya msimu ule, Landrover ilizunguka nao vijiji vyote hadi Mbulu, kisha wakaja watu wenye mashine ya kurekodi, tukaimba darasani madirisha yakiwa yamezibwa kwa mablanketi, na baada ya hapo ukasikika redioni kwenye kipindi cha wakulima. Watoto waliuimba wakirukaruka kamba. Walevi waliuimba kilabuni. Siku moja ya soko Karatu niliwahi kumsikia mama mmoja wa Kimasai kutoka Nainokanoka anauimba huku akifunga magunia kwenye punda, na huko kwao, ndani ya hifadhi ya wanyama, kulima kumepigwa marufuku. Mahindi wananunua kwetu. Alikuwa anaimba jinsi ya kupanda kitu ambacho akikipanda anakamatwa. Nilicheka hadi nikashika mbavu.

Nilifurahi, kwa nini niseme uongo? Nilipita njiani watu wakaniita mwalimu wa kisoda. Mahindi yakaacha kuungua. Mama mwenyewe alinunua redio ndogo akaitundika kwenye nguzo ya nyumba, na kipindi cha wakulima kikianza alitulia kuusikiliza wimbo wake ukiwa safarini. Akiwaambia wageni, alisema yule ng'ombe wangu ananenepa.

Kisha mdogo wangu akaposwa.

Mchumba alikuwa mkulima wa upande wa Oldeani, mtu mtulivu, wazee walielewana, siku ikapangwa baada ya mavuno. Mama akaniita. Hakuniuliza habari za watoto wala za mume. Akasema nenda kachukue wimbo, na uje nao mapema, maana ng'ombe akirudi kutoka kwa watu hulala kwanza zizini azoee. Alitaka msimu mmoja wa ukimya. Redio inyamaze, Landrover inyamaze, watoto wausahau, halafu siku ya harusi aufungue upya ukiwa safi. Mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni. Alisema kitu kimoja tu, kwamba yeye bila wimbo hatoki. Mama mdogo wetu mmoja alitolewa haraka bila wimbo, wakati mama yake ni mgonjwa, na maisha yake yote alikuwa akirudi nyumbani kila msimu na kitambaa chake kichwani, akikaa uani, akiulizwa anataka nini anasema hajui. Mdogo wangu alimwogopa yule mama mdogo kuliko kifo.

Nikaenda kwa mratibu. Sikwenda kwa ukali. Nilivaa gauni langu la Jumapili. Alinikaribisha chai ya maziwa, na wakati ule sukari ilikuwa ya kugawiwa dukani kwa foleni, kwa hiyo nilijua ananiheshimu. Nikamweleza wimbo ulikotoka, nikamweleza habari ya ng'ombe wa kukopesha, nikamwambia tumekuja kumchukua. Alisikiliza hadi mwisho. Akanikumbusha semina. Akasema nilitunga katika saa za mradi, kwaya ni ya mradi, kurekodi kulilipwa na mradi, na sasa mikoa mingine nayo inautumia. Umeshapelekwa kwa wafadhili kama kazi ya mradi. Nikamwambia maneno ni yenu, chukueni, naomba sauti tu.

Akafikiri. Hakuwa mjinga. Kisha akaniambia, kwa ule upole wake uliokuwa unanichoma:

"Mwalimu, kwa huo mfano wako, ng'ombe ni fedha za mradi. Wimbo ni ndama aliyezaliwa. Ndama humfuata mama yake."

"Na sauti ya mama yangu ni nini?" nikamwuliza. "Nyasi?"

Alitazama chini kwenye kikombe. Akasema hakuna anayemkataza mama yangu kuimba nyumbani kwake, aimbe, hakuna askari atakayekuja. Hilo ndilo lililonimaliza. Angenikataza ningejua pa kupigana. Alichosema ni kwamba hawezi kuwanyamazisha wengine, na kwamba yeye naye si mwenye mali. "Mimi mwenyewe nikihamishwa kesho," akasema, "nauacha hapa hapa pamoja na Landrover." Nikamwuliza mwenye mali ni nani basi, niende kwake. Akasema ni mradi. Nikauliza mradi unakaa wapi. Akacheka kidogo, akajuta kucheka, akaniongeza chai.

Nikatoka pale nimeshiba chai ya watu na mikono mitupu.

Nikaenda kwa katibu tarafa, naye akanikaribisha vizuri vile vile. Nilipokuwa namweleza, alianza kugonga meza kwa kalamu, polepole, na nikagundua anagonga wimbo ule ule. Hakujua mwenyewe. Alipojishtukia aliweka kalamu chini akaniomba radhi, akasema, kwa kweli mwalimu, wimbo huu ni mzuri mno kuwa wa mtu mmoja. Nikamwambia si wa mtu mmoja, ni wa nyumba moja. Akasema nyumba moja ni ndogo. Nilirudi nyumbani nikapiga mlango teke, mume wangu akauliza nani kafa.

Nikaamua niwape kingine. Nilitunga wimbo mpya, usiku na mchana, maneno yale yale ya kisoda kwenye sauti yangu mwenyewe, isiyo ya mama wala ya kanisa. Nikauimba kwenye mkutano wa kijiji. Watu walisikiliza kwa adabu. Nilipomaliza wakapiga makofi mepesi, halafu mzee mmoja akasema sasa mwalimu, tuimbie ule wenyewe. Umati wote ukaanza bila mimi, na kwaya yangu, wanawake niliowafundisha kupumua, ikaufuata umati. Mkutano uliofuata nikauharibu kwa makusudi, nikashusha mahali pa kupanda, nikakata mahali pa kuvuta. Baada ya mkutano watoto wa darasa la pili walinifuata njiani kunifundisha unavyoimbwa. Walinishika mkono, maskini, wakidhani naumwa.

Mkuu wa shule naye akaniita. Alikuwa rafiki yangu, ndiyo maana aliniambia mapema: kuna maneno kwamba naihujumu kazi ya mradi, na mwalimu asiyefaa Karatu huweza kufaa Kakesio. Kakesio ni kule mbali kwa wafugaji, gari linafika likipenda. Mume wangu na gereji yake mjini, watoto wangu wadogo, ningewaacha na nani? Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Wiki ile ile Landrover ikanifuata shuleni, kulikuwa na wageni wa kutazama mashamba ya mfano. Nikapanda. Nikavaa kitenge cha sare. Nikasimama mbele ya kwaya nikanyanyua mikono, nikauimba wimbo wa mama yangu kwa sauti nzuri kabisa, maana kwaya ikikosea ni mimi. Wageni wakaurekodi tena. Nilijisikia kama mbuzi aliyefungwa kamba, anayezunguka mti mwenyewe huku kamba ikizidi kuwa fupi.

Mama hakunielewa, na sikumlaumu. Kila Jumapili nilipopanda kwenda kumwona aliniuliza kama nimekuja nao. Kwake jambo lilikuwa jepesi: mtu akikataa kurudisha ng'ombe wa kukopeshwa, unamwambia mbele za watu, na aibu inamrudisha. Alitaka nimwonyeshe mtu wa kumwambia. Nilimweleza kwamba mtu huyo hayupo. Akasema hakuna kitu kinachokunywa maziwa halafu hakina mdomo. Akaizima redio, akaiondoa kwenye nguzo, akaifunga ndani ya sanduku la nguo. Haikusaidia. Wapita njia waliuimba, waliokwenda kuchota maji waliuimba, na mdogo wangu mwenyewe nilimkuta siku moja anakamua huku anauimba puani. Aliponiona alinyamaza, akaanza kulia ndani ya kibuyu cha maziwa.

Harusi ikaahirishwa. Mama aliwaambia wazee wa upande wa pili kwamba kuna kitu cha nyumba hakijarudi. Walikubali mara ya kwanza, hizo ni lugha wanazozielewa. Mara ya pili walikubali shingo upande, na maneno juu. Mchumba alikuwa na shamba linalosubiri mikono, na pale kwao wakaanza kusema labda binti ana kasoro inayofichwa. Mdogo wangu akakonda. Hakuwa mke, hakuwa binti. Aliacha kwenda kanisani kwa sababu ya macho ya watu. Alikuwa anakaa uani kutwa, na nilipomwona amekaa hivyo nilimkumbuka mama mdogo. Nilimkasirikia mratibu, nikamkasirikia katibu tarafa, nikamkasirikia mama na ng'ombe zake. Hapakuwa na mlango popote.

Mwishowe mama mwenyewe ndiye aliyekata shauri. Alisema wimbo ni wake, hajauza, na kama hauji kwake yeye atauita hapo hapo mbele za watu, na wimbo utamjua mwenye mali. Siku ikapangwa upya, na safari hii hakuna aliyethubutu kuisogeza.

Asubuhi ya harusi ua ulijaa. Jua lilikuwa limetoka mapema, vumbi jekundu limemwagiwa maji, pombe ya mtama iko tayari. Wanawake wakasimama nje ya mlango kama kawaida, na nusu yao walikuwa wanakwaya wangu. Nilikuwa nimewazungukia mmoja mmoja nikawaomba, jamani, leo muitikie maneno ya nyumbani. Wakaniapia. Walimpenda mdogo wangu, wasingemharibia kwa kusudi. Ndani tulikuwa watatu. Mdogo wangu alikaa kwenye kigoda, mama akampaka samli, nami nikashika bakuli.

Mama akaanza. Nilikuwa nimesahau jinsi unavyokuwa kwa lugha yetu, taratibu, bila ngoma. Nenda na mvua, mwanangu. Mdogo wangu akafumba macho, mabega yake yakashuka kwa mara ya kwanza tangu aposwe. Mama akafika mahali pa kuitikiwa, akaachia, akasubiri.

Nje wakaitikia, "Usizidishe."

Si wote. Wengine walisema la nyumbani, nilisikia sauti mbili tatu zikijaribu. Lakini watoto walikuwa wamejaa uani, na wanaume kwenye pombe, na hao hawakuapa kitu. Wakalidaka kwa furaha, kwa makofi, na makofi yakawavuta wanakwaya wangu. Mtu akapata debe akaligonga. Walikuwa wanashangilia. Walidhani wanatuheshimu.

Mama alikaza mikono kwenye kichwa cha mdogo wangu. Akapandisha sauti awapite. Zizi lako liko mbele, akaimba, nikaona mishipa ya shingo yake imetoka. Akafika tena mahali pale pale, na safari hii hakuwaachia watu wa nje, alitaka aliseme mwenyewe kabla yao. Akafungua mdomo, na mama yangu, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni tu, akasema:

"Kisoda kimoja."

Akasimama hapo hapo. Alinitazama mimi, si kwa hasira. Alitazama kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata. Akajaribu tena, nikaona midomo yake inalitafuta lile neno la nyumbani, neno aliloimbiwa na mama yake na kuniimbia mimi, na midomo ikaenda na kurudi mitupu. Nilitaka kumpa. Wallahi nililitafuta na mimi kichwani, na huko nje walikuwa wanapiga debe, na sikulipata.

Samli ilikuwa imefika kwenye nyusi za mdogo wangu. Hakuifuta. Aliinua mikono yake akashika mikono ya mama iliyokuwa juu ya kichwa chake, ili isitoke.

"Malizia tu, mama," akasema. "Hata hayo."

Mama akamalizia. Aliimba mbegu mbili shimo moja, akaimba kisoda kimoja cha mbolea, polepole, kwa sauti ile ya kumtoa binti, machozi yakimdondoka kwenye samli, na ua mzima ukamwitikia kwa shangwe. Mdogo wangu akainuka. Akatoka bila kutazama nyuma, akaolewa, akiwa ameagizwa na mama yake asizidishe mbolea.